Jinsi ya kuitambua sonona kwa binti na kwa kijana wa kiume, manake haigongi mlango mmoja

Nimefundisha miaka mingi na sehemu kubwa ya hiyo miaka nilikuwa mwalimu wa nidhamu, yule ambaye watoto wakimuona kwa mbali wanachomekea shati haraka haraka. Kuna kitu nilikuja kukigundua nimeshachelewa na ndo kimenifanya nikae niandike haya. Mabinti wenye sonona walikuwa hawaletwi kwangu kabisa, wao walikuwa wanaishia chumba cha huduma ya kwanza, leo kichwa, kesho tumbo, keshokutwa kizunguzungu, anapewa kidonge cha maumivu analala saa moja anarudi darasani na hakuna anayejiuliza mbona huyu ni mara ya sita mwezi huu. Vijana wa kiume wenye ugonjwa uleule ndo walikuwa wanaletwa ofisini kwangu, huyu kapigana, huyu katoroka, huyu kamjibu mwalimu ovyo, na mimi kazi yangu ilikuwa kuandika adhabu. Ugonjwa mmoja unaingilia milango miwili, alafu kwenye kila mlango kakaa mtu mzima mwenye jibu lake tayari kabla hata hajauliza swali.

Mi sio daktari. Ni mtu aliyekosea akaanza kusoma na kuuliza wanaojua, so chukua haya kama ya mwalimu anayeongea na mzazi au mlezi au mwalimu mwenzake, na pale panapohitaji hospitali ntasema hospitali.

Tuelewane kwanza sonona ni kitu gani

Wengi tunaita depresheni, wengine wanasema stresi, wengine msongo wa mawazo, lakini stresi na sonona ni vitu viwili. Stresi ina chanzo, mtihani ukipita inapungua. Sonona inakaa hata mtihani ukishapita na hata mtoto akiwa amefaulu.

Madaktari wana dalili tisa wanazozitafuta: mudi iko chini karibu siku nzima, kukosa raha na vitu alivyokuwa anavipenda, hamu ya kula au uzito kubadilika, usingizi kuvurugika (kukosa au kulala kupita kiasi), mwili kuwa mzito au kutotulia, uchovu, kujiona hafai au kujilaumu, akili kushindwa kutulia kwenye kitu, na mawazo ya kifo. Zikifika tano, na mojawapo iwe kati ya zile mbili za mwanzo, zikakaa wiki mbili karibu kila siku na maisha yakaanza kuyumba, hapo tunaongelea ugonjwa. Sasa kuna sentensi moja ndogo kwenye DSM-5, kile kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani cha mwaka 2013, inasema kwa watoto na matineja hasira za mara kwa mara zinaweza kukaa kwenye nafasi ya huzuni. Yaani mtoto anaweza asilie hata siku moja, akawa amenuna tu na kuwaka kwa kila kitu, na ikahesabika sonona. Hiyo sentensi ningeijua miaka kumi kabla ningekuwa nimechana barua nyingi za adhabu.

Kwa nini mabinti wanaonekana wengi zaidi

Utotoni hakuna tofauti kubwa, watoto wa kike na wa kiume wanaumwa sonona kwa kiwango kinachokaribiana. Pengo linafunguka kwenye balehe, kuanzia kama miaka 12 hivi, linakuwa pana zaidi kwenye miaka 13 mpaka 15, na ukubwani linabaki kwenye wanawake wawili kwa mwanaume mmoja. Wamarekani wana utafiti wanaoufanya kwa wanafunzi wa sekondari kila baada ya miaka miwili, ule wa 2021 asilimia 57 ya mabinti walisema wamekuwa na huzuni au kukata tamaa kwa muda mrefu mpaka wakaacha baadhi ya shughuli zao, wavulana asilimia 29. Kila mtu alishtuka na ile 57, na ni haki kushtuka, ila nikuombe uiangalie na ile 29 pia, manake hao ni karibu vijana watatu kwa kila kumi na hakuna mtu aliyewaandikia kichwa cha habari.

Sababu ziko nyingi na hazisimami peke yake peke yake. Homoni zimo, kupanda na kushuka kwa estrojeni kunagusa mudi, lakini ukisema ni homoni tu utakuwa umemuonea binti manake kuna mengine yanakuja na mwili wenyewe. Binti aliyewahi kuvunja ungo kabla ya wenzake anakuwa na mwili wa mtu mzima na akili ya mtoto, wanaume wakubwa wanaanza kumwangalia, wenzake wanamcheka, na tafiti nyingi zimeonyesha hao wanaowahi wako kwenye hatari zaidi. Ongeza na unyanyasaji wa kingono ambao unawapata mabinti zaidi ya wavulana na ambao mara nyingi ndo kitu kilicholala chini ya sonona bila mtu kukisema.

Alafu kuna namna ya kuwaza. Mwanasaikolojia mmoja Mmarekani, Susan Nolen-Hoeksema, mwaka 1991 alieleza kwamba mtu akiwa na huzuni anaweza akaanza kuicheua, yaani anaitoa anaitafuna anaimeza anaitoa tena kama ng'ombe na majani, kwa nini niko hivi, kwa nini nilisema vile, na akasema wanawake wanacheua zaidi wakati wanaume wanakimbilia kitu cha kuwasahaulisha. Mwenzake Amanda Rose mwaka 2002 akaonyesha kwamba marafiki wa kike hata wanacheua pamoja, wanakaa masaa wanarudia shida ileile, urafiki unakuwa mtamu kweli na mudi inazidi kushuka. Ukiona binti yako yuko kwenye simu usiku na rafiki yake kipenzi wanalia wote, usiseme angalau ana mtu wa kuongea nae ukageuka ukalala.

Na wavulana je, ni kweli hawaumwi sana au hatuwahesabu? Naamini yote mawili. Mwaka 2013 kuna utafiti ulitoka kwenye jarida la JAMA Psychiatry, watafiti walichukua vipimo vya kawaida vya sonona wakaongezea hasira, ulevi, kujiingiza kwenye hatari na vitu vya aina hiyo, na lile pengo kati ya wanaume na wanawake likapotea. Wale walikuwa watu wazima sio matineja so usiibebe nzima nzima, ila inakuambia kipimo kikitafuta machozi kitampata anayelia.

Kwa binti, angalia haya

La kwanza ni lawama za kujilaumu. Binti mwenye sonona anaomba samahani kwa vitu ambavyo havina mwenyewe, umedondosha kijiko wewe yeye anasema samahani. Anajichukia kwenye picha, anafuta zote, anajilinganisha na watu asiowajua. Anajiona mzigo. Ukimsifia anakataa sifa au anahisi umemuonea huruma.

La pili ni mwili. Kichwa, tumbo, uchovu usioisha, usingizi mbovu. Hapa naomba usimwambie anajifanya, manake yale maumivu anayasikia kweli. Chakula nacho kinasema sana, binti anaanza kukwepa kukaa mezani na wenzake au anakula kwa siri akiwa peke yake, na magonjwa ya ulaji yanatembea pamoja na sonona mara nyingi tu, hasa kwa wasichana.

La tatu ni kujidhuru. Anavaa mikono mirefu wakati wa joto, anakataa kuogelea au michezo inayohitaji kubadilisha nguo, bangili nyingi upande mmoja. Ukigundua, usipige kelele na usimvue nguo kukagua. Wengi wanaofanya hivo hawatafuti kufa, wanatafuta namna ya kushusha maumivu ya ndani, lakini inaongeza hatari ya baadae kwa iyo haipuuzwi hata siku moja.

Sasa kuna binti mmoja anayetuponyoka wote, huyo anayefaulu. Anaongoza darasa, daftari zake safi, anasaidia wenzake, kila mwalimu anamtolea mfano, na ndani amekufa ganzi. Sonona ya huyu haiangushi maksi mpaka mwisho kabisa manake kusoma ndo njia yake ya kuonyesha kwamba bado anastahili kuwepo. Nimewahi kuwa na wawili wa aina hiyo na wote niligundua kwa bahati tu.

Na lile neno "ni hedhi hiyo" tuliweke sawa. Kweli mudi inaweza kushuka siku za kabla ya hedhi. Namna ya kutofautisha ni kalenda, andika tarehe za hedhi na siku za mudi mbaya kwa miezi miwili. Kama inashuka wiki ya mwisho kabla ya hedhi na inanyanyuka damu ikianza au siku chache baadae, kuna uhusiano, na ikiwa inashuka vibaya sana hiyo nayo ni hali inayotibiwa. Sonona ya kawaida haiangalii kalenda, inaweza ikazidi siku hizo lakini haiondoki wiki zilizobaki. Pia damu nyingi inaweza kuleta upungufu wa madini ya chuma na uchovu wake unafanana sana na sonona, kipimo cha damu kinamaliza ubishi.

Kwa kijana wa kiume, hapa ndo nilipokosea zaidi

Kuna kijana aliletwa kwangu mara tatu kwenye muhula mmoja, zote ugomvi. Mara ya tatu nilimsimamisha wiki mbili. Alivorudi akaletwa tena, siku hiyo mimi mwenyewe nilikuwa hoi, sikuwa na nguvu ya kufoka, nikamuuliza tu kwa uchovu, we unalala saa ngapi? Akaniambia, mwalimu mi silali. Nikadhani ananijibu jeuri. Kumbe ni kweli alikuwa halali, miezi, anakaa macho mpaka saa kumi alfajiri akiangalia dari, na asubuhi mtu akimgusa bega tu analipuka. Sikumuuliza kuhusu huzuni na hakuwahi kutaja neno huzuni, alitaja usingizi, na kupitia hapo tukafika kwingine kote.

Tangu siku hiyo mlango wangu wa kuingilia kwa mvulana ni usingizi. Ukimuuliza unajisikiaje atasema poa. Ukimuuliza jana ulilala saa ngapi, ukaamka saa ngapi, ulipoamka mwili ulikuwaje, atajibu manake hilo ni swali la mwili sio la moyo, halimvui nguo mbele yako.

Dalili zake nyingine: hasira zinazozidi kosa, anavunja vitu, anagombana na mdogo wake kwa ajili ya chaja. Anaacha timu bila sababu, anasema tu nimechoka nayo. Hiki cha kukosa raha kiangalie kwa makini kwa wavulana, kijana anaweza asiwe na huzuni inayoonekana ila vitu vyote vimekuwa havina ladha. Asubuhi ni nzito kuliko jioni. Maksi zinaanguka haraka. Pombe, bangi, vidonge vya watu wengine, kuendesha pikipiki kama anayemkimbia mtu. Utani wa kifo, "nikifa mtapumzika", anacheka na wenzake wanacheka.

Gemu nazo watu wananiuliza sana. Kucheza gemu masaa mengi peke yake sio sonona, hiyo ni utineja. Kaa karibu nae dakika kumi umwangalie anavocheza. Anashangilia akishinda? Anaongea na wenzake? Anataka kukuonyesha kitu? Basi anacheza. Ila kama uso hauna kitu, anashinda hacheki anashindwa hakasiriki, saa tisa usiku bado yupo palepale, huyo hachezi, anajificha.

Kingine ni mapenzi. Mvulana akiachwa na mpenzi wake tunamcheka, kapigwa kibuti, atapata mwingine. Tatizo ni kwamba kwa wavulana wengi yule msichana ndo alikuwa mtu pekee anayemwambia ya moyoni, akiondoka ameondoka na mtu wa kuongea nae pia. Wiki chache za baada ya kuachana zifuatilie kwa karibu.

Naomba usigeuze haya yote kuwa ukuta, wapo mabinti wanaopigana na wapo wavulana wanaolia usiku, na hawa ndo wanaumia mara mbili manake binti mwenye hasira anaitwa hana adabu na mvulana anayelia anaitwa majina. Ukiona dalili ya upande wa pili kwa mtoto wako ichukue vilevile.

Fanya hivi: daftari la wiki mbili

Kabla ya kuongea nae, na kama hakuna dalili ya hatari ya haraka, chukua daftari dogo uandike kwa wiki mbili. Alilala saa ngapi kwa makadirio, alikula au alikwepa, aliongea na nani, amelalamika nini mwilini, amelipuka lini na kwa sababu gani, kitu gani alichokuwa anapenda hajakigusa. Usiandike tafsiri, usiandike "alikuwa mvivu", andika "amelala toka saa nane mchana mpaka saa mbili usiku". Muulize na mwalimu wake mahudhurio na maksi, waombe wa huduma ya kwanza wakwambie kaenda mara ngapi. Hilo daftari litakusaidia vitu viwili, utajua kama ni wiki mbili kweli au ni siku mbili mbaya zilizokukera, na siku ya hospitali hautababaika, hasa kwa mvulana ambaye mbele ya daktari atasema "niko sawa" akaangalia viatu.

Simu yake usiipekue kwa siri, akijua umepoteza kila kitu. Tofauti ni moja tu, ukiwa na sababu ya kuamini maisha yake yako hatarini, hapo fanya unachoweza na baadae utamuelezea.

Namna ya kuanzisha maongezi

Binti wengi wanaweza kukaa uso kwa uso mkaongea, shida yake inakuja kwenye majibu yako. Usimpe suluhisho dakika ya pili. Msikilize mpaka amalize, alafu rudia ulichosikia kwa maneno yako, "yaani unaona hata ukijitahidi vipi hautoshi, nimekuelewa?". Akianza kuizungusha shida ileile kwa mara ya nne, hapo ndo unamtoa kwenye kucheua, taratibu, "hili tumeliongea, sasa kesho asubuhi kitu kimoja kidogo tunachoweza kufanya ni kipi?". Sio kumkatiza, ni kumfungulia mlango wa kutokea.

Mvulana mkae bega kwa bega. Kwenye gari, mkitembea, mkifua, mkitengeneza kitu kilichoharibika, mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka. Sentensi fupi. "Nimeona hautokagi siku hizi na hulali. Sijaja kukugombeza." Alafu nyamaza. Ukimya utakutesa wewe zaidi yake, uvumilie, wengi wetu tunaharibu hapa manake tunajaza ukimya na mawaidha. Akisema "hamna kitu" jibu "sawa, nitakuuliza tena kesho kutwa", na kweli muulize, manake wavulana wengi wanakupima kama utarudi.

Vitu vya kutosema kwa yeyote: wenzako wana shida kubwa kuliko zako, sisi enzi zetu, jikaze, unakosa nini hapa nyumbani. Na lile la "omba tu itaisha", imani inabeba watu wengi na mi mwenyewe nasali, ila usiiweke badala ya matibabu kama ambavyo usingeiweka badala ya plasta ya mguu uliovunjika.

Kama wewe sio mtu wake, kubali. Mtafute anayemuamini, awe shangazi, mjomba, kocha, mwalimu, mtu wa ibadani. Usichukie kwamba hakuchaguliwa mama au baba.

Swali la kujiua, uliza

Zaidi ya watu 720,000 wanakufa kwa kujiua kila mwaka duniani kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, na kwa umri wa miaka 15 mpaka 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Hapa napo kuna tofauti ya kutisha kati ya jinsia, wasichana wanawaza na kujaribu zaidi, wavulana wanakufa zaidi. Kwa iyo binti aliyejaribu akapona usiseme alikuwa anatafuta attenshoni, na mvulana ambaye hajawahi kusema chochote usiseme yuko salama.

Kumuuliza hakumpandikizii wazo, hilo limefanyiwa utafiti na wataalamu wanasisitiza uulize. Uliza kwa maneno yenyewe bila kuzunguka: Umewahi kufikiria kujiua? Sasa hivi unafikiria? Umeshawaza utafanyaje na lini? Akisema ndio kwenye la tatu usimwache peke yake hata kwenda chooni kwa muda mrefu, mpeleke hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo, hata ikiwa usiku. Kama kuna namba ya simu ya dharura ya msaada wa kisaikolojia mnakoishi iandike leo ukutani kabla haijahitajika. Dawa, sumu za wadudu na silaha yoyote vitoke ndani ya nyumba au vifungwe, na ufunguo ukae mwilini mwako, hili watu wanalidharau lakini wimbi la kutaka kufa mara nyingi ni la muda mfupi na mtu akikosa cha kutumia ndani ya huo muda anaweza kupona kabisa. Angalia pia anayegawa vitu vyake, anayeaga aga, na yule aliyekuwa chini wiki nyingi alafu ghafla ametulia kama mtu aliyeshaamua.

Usimuahidi siri. Mwambie, "mengine yote yatabaki kwangu, hili la uhai wako siwezi kulibeba peke yangu".

Hospitalini

Anza na daktari wa kawaida tu kama hakuna wa akili karibu. Atapima damu, pengine na tezi ya shingoni, manake kuna magonjwa yanayojifanya sonona. Anaweza kumpa dodoso la maswali tisa, PHQ-9, limetoka 2001 na lina toleo lake la matineja, kila swali lina alama 0 mpaka 3 na jumla ni 27. Kuanzia 10 kwenda juu wanaangalia kwa undani zaidi. Ila lile swali la tisa ni la mawazo ya kifo, akijibu ndio hapo hata kama jumla ni ndogo hamuondoki bila kuliongelea. Toka nje dakika chache umwache na daktari peke yake, hasa binti, manake kama kuna mtu anamfanyia ubaya na ni mtu wa nyumbani hatalisema wewe ukiwa umekaa pale.

Kuhusu matibabu, utafiti unaotajwa sana ni wa Marekani wa 2004 unaoitwa TADS, vijana 439 wa miaka 12 mpaka 17. Baada ya wiki 12, waliopewa dawa ya fluoksetini pamoja na tiba ya mazungumzo ile ya kubadili fikra na tabia walipata nafuu asilimia 71, dawa peke yake 61, mazungumzo peke yake 43, kidonge kisicho na dawa 35. Kwa sonona nyepesi wengi wanaanza na mazungumzo tu. Dawa zinachukua kama wiki nne mpaka sita kuonyesha kazi yake vizuri, na mwaka huohuo wa 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kwamba kwa watoto na vijana wachache dawa hizi zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua, haimaanishi usimpe, inamaanisha wiki za mwanzo na kila dozi ikibadilishwa kaa nae karibu na usikose kliniki. Na wasiziache ghafla kisa wamejisikia vizuri.

Mvulana anaweza kugoma kwenda kwa mnasihi, "mi sio chizi". Usibishane na jina, mwambie tunaenda kurekebisha usingizi, sio uongo manake usingizi ni sehemu ya tatizo, na mwambie mapema kwamba wataongelea na mengine. Mwache achague kama mnasihi awe mwanaume au mwanamke. Na binti vilevile.

Nyumbani

Usingizi wa masaa 8 mpaka 10 ndo unaoshauriwa kwa matineja, na mwili wao wa balehe unachelewa kupata usingizi kiasili, sio ukaidi, so usimuamshe jumapili alfajiri kumfundisha adabu. Simu zote zilale nje ya vyumba, zako pia, ukibaki na ya kwako umeshindwa kesi. Mazoezi, WHO wanasema dakika 60 kwa siku kwa umri wa miaka 5 mpaka 17, ila kwa mtoto anayeshindwa kutoka kitandani anza na dakika kumi za kutembea mkiwa wawili. Ongea na shule wapunguze mzigo kwa muda, na yule binti anayeongoza darasa umwambie wazi wazi, kwa mdomo wako, kwamba akishuka mpaka wa ishirini muhula huu hakuna atakayemkasirikia, alafu akishuka kweli usikasirike.

Kazi za nyumbani zisitolewe zote. Mpe moja ndogo inayoonekana imeisha, mvulana hasa anashikilia kitu chenye mwanzo na mwisho.

Sonona ina tabia ya kurudi. Mtoto akishapata nafuu, sio siku ya kwanza, siku ambayo mmekaa vizuri tu, muulize yeye mwenyewe: hii ilivoanza kitu cha kwanza kabisa kilikuwa nini, kabla hata sisi hatujaona? Kila mmoja ana cha kwake na mara nyingi sio ulichodhani. Yule kijana wangu alisema aliacha kusikiliza muziki akiwa anatembea. Binti mmoja alisema alianza kusoma meseji za marafiki bila kuzijibu. Kiandike kwenye ukurasa wa mwisho wa lile daftari kwa mwandiko wake yeye, na mkubaliane nani atamwambia nani siku kikitokea tena.